Gitaa Lililovunjwa na Mbuzi

Nilisema sawa. Wageni wanne wa kamati ya kanisa walikuwa wamekaa sebuleni kwangu Kitengela wakinywa chai, na gitaa la marehemu kaka yangu lilikuwa limelazwa mezani katikati ya vikombe kama mgonjwa anayesubiri wenyewe waamue. Waliniuliza kama ningewaruhusu walipeleke kwa fundi alitengeneze liwe kama jipya. Majibu mengine nilikuwa nayo. Ningesema gitaa si langu. Ningesema tungoje mwenyewe afunge shule. Ningesema kuna mtu nilimwahidi. Badala yake nilitazama viatu vyangu, nikasema, "Sawa. Lipelekeni."

Imepita zaidi ya miaka ishirini. Wiki jana nilikuwa natafuta kifungo cha shati katika kopo ambamo mke wangu huweka vifungo, pini na takataka nyingine ambazo hataki zitupwe. Vidole vyangu vikakutana na kitu kidogo cha plastiki, chekundu, chenye mikunjo pembeni. Ni kifuniko cha dawa ya meno. Nilikaa kitandani nikakishika muda mrefu, shati nikalisahau. Acha nikueleze, rafiki yangu, kifuniko hicho kilikuwa kinafanya kazi gani, maana katika vitu vyote ninavyotaka kukusimulia, ni hicho tu kilichobaki kama kilivyokuwa.

Wazee wenzangu wakianza kukumbuka utoto, kila mmoja hukumbuka wake. Mimi utoto ninaoukumbuka zaidi si wangu. Wangu ulikuwa wa kulima na kutembea mguu mtupu kwenda shule kule magharibi, na sina haja ya kuurudia. Ninaoukumbuka ni utoto wa binti yangu, pale Kitengela ya miaka ya tisini, tulipokuwa tunakodi vyumba viwili vya mawe vyenye mabati juu na uwanda mtupu nyuma.

Ukipita Kitengela leo huwezi kuniamini. Wakati huo, ukifungua mlango wa nyuma asubuhi, ulikuwa unaona pundamilia wakila nyasi upande ule ambako sasa kuna maduka na nyumba za ghorofa. Maji yaliletwa na punda, mitungi minne kila upande, na mwenye punda alikuwa anapiga mluzi akifika ili kina mama watoke na ndoo. Upepo ulikuwa unatikisa mabati mchana kutwa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika kiatu mpaka unatembea ukiwa umeongezeka urefu, na kazi ya kwanza ya binti yangu akitoka shule ilikuwa kukaa kwenye ngazi na kijiti, akikwangua viatu vyake, halafu vyangu vya kiwandani. Alikuwa na miaka saba hivi. Amerithi jina la mama yetu, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulimwita mama, na yeye aliitika kama mtu mzima.

Kaka yangu mkubwa alikuja kukaa nasi mwaka mmoja wa kiangazi. Alikuja na mfuko wa nguo, redio ya kaseti, na gunia la katani lililofungwa kwa kamba. Mke wangu alidhani ni mahindi kutoka nyumbani akafurahi. Kaka alipolifungua likatoka gitaa la umeme.

"Shemeji, hii haiwezi kupikwa," alisema kaka, "lakini haitakula chakula yako."

Kwa miaka mingi kaka alikuwa amepiga muziki katika bendi ya hoteli, kutoka Kajiado hadi Namanga. Sisi wengine tulisoma mpaka kidato cha nne tukaajiriwa, yeye akafuata nyuzi. Katika familia yetu hakuzungumzwa sana. Nikiulizwa kazini ndugu yangu anafanya nini, nilikuwa nasema anafanya biashara.

Gitaa lenyewe lilikuwa kuukuu tangu alipolipata. Liliundwa ng'ambo kabla hata sijaoa, na jina la waliolitengeneza lilikuwa limefutika kichwani, imebaki herufi moja na nusu. Zamani lilikuwa jekundu. Tulipoliona sisi lilikuwa limefifia likawa rangi ya chai ya maziwa iliyosahaulika kikombeni, na pale mkono wa mpigaji unapolalia rangi ilikuwa imeisha kabisa, mbao inaonekana, laini kama mpini wa jembe la zamani.

Jeraha lake kubwa lilikuwa shingoni, na hadithi yake binti yangu aliiomba kila Jumamosi. Bendi ilikuwa inatoka Namanga, gari lao likaharibika Bisil siku ya soko la mifugo. Gari pekee lililokuwa likielekea Kajiado lilikuwa lori la mbuzi. Wakapanda juu, wao na vyombo vyao, katikati ya mbuzi. Kaka alikuwa amelilaza gitaa gunia likiwa juu yake, na walipofika kwenye bonde moja dereva akashika breki, beberu akaruka na kutua juu ya gunia. Shingo ikakatika karibu na kichwa.

"Ulilia?" binti yangu alikuwa anauliza kila mara.

"Mimi sikulia. Beberu ndiye alilia, alisikia ile sauti akadhani ni mwenzake amekufa."

Mwenye bendi alisema kitu kilichokanyagwa na mbuzi hakimfai tena, kwa hiyo kaka akabaki nalo. Alikaa siku mbili nyuma ya karakana ya seremala mjini Kajiado. Aliunga shingo kwa gundi ya mbao, halafu akakata kipande cha bati kutoka kwenye sufuria iliyotoboka aliyopewa na mama wa hoteli, akakikunja kikashika kuzunguka mvunjiko, akakikaza kwa skrubu nne. Ukitazama vizuri ulikuwa bado unaona alama za kuungua za ile sufuria. Kaka alikuwa anapigapiga bati hilo kwa kidole akisema, "Hii ilishavunjwa na mbuzi ikapona. Sasa mtu ataifanya nini?"

Huo ndio ulikuwa msemo wake. Mimi nilikuwa nacheka kama wengine.

Na hilo lilikuwa jeraha moja tu. Kitufe cha kupandisha sauti kilikuwa kimepotea, mahali pake kaka aliweka kifuniko chekundu cha dawa ya meno, na kilizunguka vizuri kuliko vya dukani. Tundu la kuchomekea waya lilikuwa limelegea, likatiwa karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara ili lishike. Sumaku moja ya chini ya nyuzi ilisukwa upya na fundi wa redio wa Kajiado kwa nyaya za feni. Umeme ulipofika katika ploti yetu, gitaa lilianza kunguruma kama jiko la mafuta, na likanyamaza tu ukiegemeza kifundo cha mkono kwenye chuma. Binti yangu alijifunza kuegemeza mkono hapo kabla hajajifunza kupiga chochote.

Halafu kulikuwa na mfupa. Kile kipande kidogo cha juu ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kichwani kilipasuka, nacho kilikuwa cha plastiki. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua alikuwa mzee wa Kimaasai ambaye ardhi yote ile ilikuwa ya baba yake kabla ya kukatwa ploti. Binti yangu alikuwa amemzoea. Akikutana naye aliinamisha kichwa kama watoto wa kwake, mzee anaweka kiganja utosini, ndipo salamu inaanza. Siku moja mzee alimkuta kaka yangu amekaa na kipande kilichopasuka mkononi.

"Sopa," akasalimu kwa Kimaasai.

"Epa, mzee."

Mzee alikichukua, akakigeuza, akauma kidogo kwa jino la pembeni. "Hii ni ya watoto," alisema. "Ngoja ile ya ng'ombe."

Alirudi na mfupa wa muundi wa fahali waliyemchinja kwenye sherehe ya mtoto wake. Jioni mbili walikaa kwenye ukuta mfupi, mzee akichonga kwa kisu chake, kaka akipima kwa uzi, binti yangu akishika msasa. Mtaro mmoja, wa uzi wa tatu, mzee aliuchimba sana. Kaka akachana kona ya daftari la hesabu la mtoto, akaikunja, akaitia chini ya uzi. Kuanzia hapo uzi wa tatu ulikuwa na tabia yake. Ilibidi uulegeze kidogo kuliko inavyotakiwa, la sivyo haukubaliani na wenzake. Ukifuata kanuni unaharibu. Ukimsikiliza mwenyewe anakuelekeza.

Jumamosi ilikuwa na mpango wake. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo, anafagia ua, anajaza pipa baada ya punda kupita, na mama yake akikagua na kuridhika, ndipo gunia linafunguliwa. Kaka alichomeka waya kwenye redio ya kaseti, hiyo ndiyo ilikuwa spika yetu. Ndani mke wangu anapika mboga ya mrenda iliyotumwa kwa basi kutoka nyumbani, ugali unanukia, nje mtoto miguu haifiki chini, gitaa kubwa kuliko kifua chake. Mimi nilikuwa nakaa na gazeti nisilolisoma. Hata leo nikisikia harufu ya mrenda masikio yangu husubiri.

Yanasubiri nyuki.

Nisipokueleza nyuki huwezi kuelewa mengine. Lile bati la sufuria lilishika shingo lakini haikurudi sawa kabisa, ilipinda kwa unene wa kucha. Kwa sababu hiyo kulikuwa na mahali pamoja, katikati ya shingo kwenye uzi wa tatu, ambapo ukibonyeza polepole uzi unagusa mstari wa chuma unaofuata na kutoa mlio mwembamba, mrefu, kama nyuki aliyeingia ndani ya boksi. Mpigaji mwingine angekasirika. Kaka alimtungia wimbo. Ulikuwa wimbo mfupi, bila maneno, aliutunga pale kwenye ngazi zetu kwa ajili ya mtoto. Nyuzi zinapanda mara tatu kama mtu anayepiga hodi, halafu mpigaji anabonyeza pale, anaacha, na nyuki anajibu peke yake.

"Hapo usipige, mama," kaka alimwambia. "Hapo ni zamu yake. Ngoja akujibu."

"Na akikataa?"

"Basi umebonyeza na hasira. Anza tena."

Katika miaka yote kaka aliyopiga muziki wa watu wengine, huo ndio wimbo pekee niliojua kuwa ni wake. Hatukuurekodi. Redio ilikuwa na mahali pa kurekodi lakini kitufe chake kilishakufa, na tulisema siku moja tutaazima nyingine. Unajua vile mtu husema siku moja.

Binti yangu alipofika darasa la saba, kifua cha kaka kilianza kumsumbua. Alikohoa msimu mzima. Mwishoni alilala kile chumba cha pili, na mtoto akiingia kutoka shule alimpigia badala ya yeye kumpigia mtoto. Jumapili moja mchana aliniita. Mke wangu na binti walikuwa kanisani.

"Ndugu yangu," akasema, "hii gitaa ni ya mama. Si yako."

"Najua."

"Hujui, ndiyo nakwambia. Wewe unapenda vitu vikiwa smati. Usiitengeneze. Ikikatika uzi, nunua uzi. Lakini hiyo ingine yote wacha vile iko."

"Sitaigusa."

"Sema tena."

"Nimesema sitaigusa, kaka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kama ulivyosema mimi ni mfanyabiashara," alisema.

Kumbe alikuwa anajua. Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika nyumbani magharibi, na tuliporudi Kitengela binti yangu alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya mazishi, akapiga hodi mara tatu. Nyuki akajibu. Mzee jirani alikuwa amesimama kwenye ua na fimbo yake. Alingoja wimbo uishe, ndipo akaingia kutupa pole.

Baada ya hapo alianza kulipiga kanisani, katika kwaya ya vijana, wakati kanisa letu lilikuwa bado la mabati. Alilijua gitaa lile kama unavyojua mlango wa kwenu, wapi pa kuinua na wapi pa kusukuma. Alipofaulu kwenda shule ya bweni upande wa Kajiado, aliniachia. Alilifunga gunia mwenyewe akalisimamisha nyuma ya kabati.

"Baba, mtu asiguse mpaka nije."

"Nani ataligusa?" nilimwambia.

Sasa kanisa lilikuwa limejenga jengo la mawe, na siku ya kulifungua ilikuwa inakaribia. Walitaka gitaa. Nilimpa kijana wa kwaya alijaribu. Wiki nzima alihangaika nalo. Uzi wa tatu ulimkataa, tundu likamkatia sauti katikati ya zoezi, na ngurumo ikawafanya watu waangalie juu wakidhani ni mvua. Ndipo wale ndugu wanne wakaja kwangu na gitaa. Walikuwa watu wazuri, naomba unielewe. Wawili wao walibeba jeneza la kaka yangu mpaka kwenye gari. Hawakuja kuniharibia, walikuja kunisaidia.

Mmoja wao alivuta kile kikaratasi cha fedha kutoka kwenye tundu kwa ncha ya kalamu, akakinusa.

"Ndugu, hii si ni karatasi ya sigara?"

"Imekaa hapo siku nyingi," nilisema.

"Na hii ni sufuria," alisema mwalimu wa kwaya, akigonga bati. "Mimi nilifikiri ni gitaa, kumbe ni jikoni."

Kile kifuniko cha dawa ya meno kikamchomoka mkononi kikabingirika chini ya kochi, na mzee wa kanisa akasema, "Sasa swali ni moja tu. Hii gitaa imeokoka, ama bado iko baa?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wao. Kwetu pale, chombo kilichotoka baa hakiingii madhabahuni hivi hivi. Kinaombewa kwanza, kinapakwa mafuta, kinaanza maisha mapya. Wakasema kuna fundi hodari Kware, kule Ongata Rongai, mshirika wa kanisa la huko, amekubali kulitengeneza lote kama sadaka yake, halafu siku ya ufunguzi litaombewa mbele ya watu, na familia yangu itasimama. Nikajiona nimesimama. Kwa miaka mingi nilimwonea haya ndugu yangu, na hapa palikuwa na njia ya kumfanya asafike hata baada ya kufa. Hiyo ndiyo sababu, na sitaitafutia nyingine nzuri zaidi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Si ungengoja mtoto afunge shule?" aliuliza.

"Tutamshangaza," nilisema.

Halafu nikasema sawa, lipelekeni.

Lilirudi ndani ya boksi jeusi lenye sponji. Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Lilikuwa jekundu tena, linang'aa mpaka unaona uso wako. Shingo ilikuwa imenyooshwa, imeungwa upya kwa ndani usione mahali, bati limetoka, mistari yote ya chuma imebadilishwa. Vitufe vipya, tundu jipya, na juu, palipokuwa na mfupa, plastiki nyeupe. Jumapili ile liliombewa. Nilisimama na mke wangu mbele ya watu, mafuta yakapakwa kichwani mwa gitaa, kijana akapiga bila tabu yoyote, na likasikika kama magitaa yote unayosikia kwenye redio. Watu wakasema amina. Mzee jirani hakuwa mkristo lakini alikuja kwa heshima, akakaa nyuma. Wakati wa kutoka nilimwuliza ameonaje.

"Ni mzuri," alisema. "Huyu ni wa nani?"

Nilidhani hajaona vizuri, macho ya uzee.

Binti yangu alifunga shule wiki mbili baadaye. Aliingia na sanduku lake la bati kichwani, akasalimia, akala viazi vitamu akiwa amesimama, na moja kwa moja nyuma ya kabati. Akakuta boksi jeusi. Nilikuwa nimekaa tayari, natabasamu kama mtu anayepigwa picha. Alilifungua, akatazama, akafunga.

"Ya baba mkubwa iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, mama. Imetengenezwa. Angalia vile imekuwa."

Alilitoa polepole. Akaweka kifundo cha mkono pale kwenye chuma, kwa mazoea, ingawa hapakuwa tena na ngurumo ya kunyamazisha. Akalegeza uzi wa tatu kidogo, ukatoka nje ya sauti, akaurudisha. Alipiga hodi mara tatu. Akabonyeza, akaacha, akangoja.

Uzi ulilia sauti safi, iliyonyooka, ukaisha. Alianza tena. Alibonyeza taratibu zaidi, kama alivyofundishwa asiwe na hasira. Alirudia mara nne au tano, na mara ya mwisho hakumaliza zile hodi.

"Baba," akasema, "umemtoa."

Siku ya pili tulikwenda Kware, mimi na yeye, na boksi. Fundi alitupokea vizuri, akatupa viti, akadhani tumekuja kushukuru. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka. Alisikiliza, akavua kofia.

"Mzee, hakuna mtu aliniambia," alisema. "Mimi nikipewa kitu imepinda, nanyoosha."

"Vile vitu vya zamani ulivitoa viko wapi?" binti aliuliza.

"Ile bati ilienda na wa vyuma kuukuu. Waya nilichoma."

"Na mfupa?"

Fundi aliangalia nje, ambako mbwa wake alikuwa amelala kivulini. Tukaelewa aliyeupata. Akachukua tupa, akasema atajaribu kurudisha ile sauti, akakwangua mstari mmoja wa chuma hapa, akainua mwingine pale, akabonyeza. Ikatoka sauti ya nzi ndani ya chupa. Akajaribu tena, ikawa ya bati. Jasho lilikuwa linamtoka, na nilimhurumia. Ni mtu aliyefanya kazi nzuri ya bure na sasa anaombwa kuiharibu.

"Wacha tu, fundi," binti yangu alisema. "Asante. Umeifanya vizuri."

Njiani kurudi hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Tulipofika alilirudisha gitaa kwenye boksi, akalipeleka mwenyewe kanisani akamkabidhi yule kijana, akarudi akajifunga leso kiunoni akaosha vyombo. Ilikuwa Jumamosi. Alimaliza vyombo, akafagia ua, akajaza pipa, halafu akakaa kwenye ngazi mikono mapajani, kwa sababu hakukuwa na kingine kinachofuata.

Mama yake, akifagia chini ya kochi, alikuta kile kifuniko chekundu. Alikitia kwenye kopo la vifungo.

Zile ngazi zilibomolewa tulipohama. Uwanda wa nyuma umejaa nyumba, pundamilia hawajaonekana huko miaka mingi, na mzee jirani alifariki baada ya kuuza ploti yake ya mwisho. Kanisa lilinunua kinanda, wakanirudishia gitaa. Liko hapa ukutani, bado jekundu. Halina kasoro hata moja na hakuna anayelipiga.

Binti yangu anaishi Kajiado na familia yake. Ni mtoto mwema. Hunipigia simu kila Jumapili, hutuletea unga na dawa, na zamani sana alinishika mkono akaniambia amenisamehe, nami najua ni kweli. Mwaka juzi mjukuu wangu alimwomba amwimbie ule wimbo wa babu mwenye mbuzi. Alimwimbia kwa mdomo, hodi mara tatu, halafu akanyamaza. Mtoto akauliza, "Halafu?" Akamwambia, "Hapo kulikuwa na nyuki."

Nilikuwa nimekaa nao. Kaka yangu aliacha wimbo mmoja duniani, na ulikuwa ndani ya ule mpindo wa shingo ambao mimi nilikubali unyooshwe. Wimbo huo haupo tena mahali popote. Na binti yangu, ambaye angeweza kuupiga, hajashika gitaa tangu siku tuliyotoka Kware.